Walisema Maji Hayana Kipindupindu, Kumbe Bakteria Wamelala

Cheki hii. Kwa zaidi ya miaka 100, mtu wa maabara akitaka kujua kama mto una kipindupindu, anachota maji, anayaweka kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, anangoja. Kitu kikiota, kipo. Kisipoota, anaandika "hakuna". Njia hiyo ilitoka kwa Robert Koch na wenzake huko Ujerumani, miaka ya 1880, na hadi leo inatumika.

Shida ikaonekana Bangladesh. Huko kipindupindu hurudi kila mwaka, lakini kati ya mlipuko mmoja na mwingine visahani vilikuwa vinasema maji hayana kitu. Sasa ugonjwa ulikuwa unajificha wapi?

Rita Colwell, mwanasayansi wa Marekani, hakuamini vile visahani. Mwaka 1982, yeye na wenzake waliandika kwamba bakteria hawa wakibanwa na mazingira si lazima wafe. Wanaweza kubaki hai lakini wagome kuota. Yaani wamelala. Sawa, lakini aliyelala utamwonaje?

Jibu lilikuwa limevumbuliwa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Albert Coons wa Harvard aliunganisha kingamwili na rangi inayong'aa. Kingamwili ni ile protini ya mwili inayomtambua mdudu fulani na kumng'ang'ania. Ikiwa na rangi, ukimulika maji kwa mwanga maalum chini ya hadubini, bakteria aliyeshikwa anawaka. Hakuna kumngoja aote.

Colwell, Anwar Huq na wenzao wakaitumia njia hiyo Bangladesh, wakipima vile viumbe vidogo vinavyoelea majini. Matokeo yakatoka 1990. Kisahani kiligundua kipindupindu kwa chini ya sampuli 1 kati ya 100. Rangi? Zaidi ya nusu! Bakteria walikuwa hapo wakati wote, wengine wamejibandika kwa kopepodi, mnyama mdogo sana wa majini.

Na kopepodi ni mkubwa kuliko bakteria, kwa hivyo kitambaa kinaweza kumzuia. Akina mama vijijini wakafunzwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kipindupindu kilipungua kwa 48%. Kwa nguo kuukuu tu, bana!

Si ati hii ni miujiza. Rangi peke yake haikwambii kama bakteria yuko hai au amekufa, na kitambaa hakiui mdudu. Kama unaweza kuchemsha maji au kuyatia dawa, fanya hivyo.

Lakini sisi Kenya, ambao kipindupindu kimekuwa kikitupiga tangu 1971, tuna la kujifunza hapa. "Hatukuona" na "hakuna" si kitu kimoja. Siku mtu akikwambia maji ya mtaa wenu yamepimwa na yako sawa, muulize tu: mlipima na nini?