Michezo ya Watoto wa Ujiji na Kigoma, na Mafunzo Yaliyomo

Wako watu wengi, na walimu miongoni mwao, wadhanio ya kuwa mtoto asipokuwa darasani hajifunzi neno, na ya kuwa mchezo ni kazi ya mvivu. Tumeona vema kulichungua jambo hili kwa habari za Ujiji, Mwanga na Kigoma, maana katika mwaka 2020 wazazi wa huko, kama wenzao wa nchi nzima, walilazimika kulijibu wenyewe.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliukuta mji wa biashara. Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliandika ya kuwa sarafu ya soko lile ilikuwa ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya kiko kilichovunjika. Naye Burton aliandika ya kuwa katika biashara ya bara kete 10 za ushanga hufanya fundo 1. Basi mtoto aliyefuatana na mama yake sokoni aliisikia hesabu ya makumi kabla hajauona ubao.

Neno hilo hilo, kete, ndilo la mchezo wa bao, wenye safu 4, mashimo 32 na kete 64. Watoto huchimba vishimo mchangani, wakaokota vijiwe au mbegu. Mchezaji hana budi kujua kete yake ya mwisho itakoma wapi kabla hajaishika ya kwanza; na hesabu ya kichwa ndiyo hiyo. Katika mdako, kijiwe kikiwa hewani, jicho, mkono na hesabu hufanya kazi pamoja. Usiku huja vitendawili, navyo humzoeza mtoto kupima maneno.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na wazee wengi wakapata kazi mbali na nyumba zao. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu ya msingi ikaenezwa kwa watoto wote. Faida yake ni kubwa, wala hatutamani kurudi kale. Lakini twadhani wazazi walipompa mwalimu mtoto, walimwachia na mafunzo yote.

Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilifunga shule kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nazo hazikufunguliwa zote hata 29 Juni, yapata majuma 15. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Lakini si kila nyumba ina vyombo hivyo. Nyumba isiyo navyo ilibaki na bibi, na vijiwe, na dagaa waanikwao ufuoni. Je, hayo ni haba? Mtoto aulizwaye makopo mangapi ya dagaa hujaza debe, naye akapima mwenyewe, amejifunza kugawanya.

Twaonya neno moja: mtoto atumwaye kutwa nzima hachezi wala hasomi. Kazi iwe ya kiasi, na mchezo uwe mchezo kweli.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Basi mwalimu, unapowaaga watoto jioni, usiwape daftari tu. Waambie kesho kila mmoja alete kitendawili kimoja cha Kiha alichofundishwa na bibi au babu yake. Hivyo nyumba itajua ya kuwa nayo ni shule, na siku milango ya darasa itakapofungwa tena, mtoto hatakosa mwalimu.