Habari Ilipokuwa na Mwenyewe

Mwezi wa Julai 1908 barua moja ilizuka Lindi ikautia mji kiwewe. Ilijinasibisha na Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina, aliyedai kwamba Mtume alimjia usingizini na kumpa onyo: siku za mwisho zimekaribia, waumini wamelegea, watubu na washike swala, na kila atakayeipata barua hii ainakili na kuipeleka kwa wengine. Watu wakaipokea kwa hofu na toba. Serikali ya Kijerumani, ambayo jeraha la Vita vya Maji Maji lilikuwa bado halijakauka, ikaona humo mbegu ya maasi mengine. Nakala zikazidi kupatikana katika miji ya pwani, nyingine zikapenya bara. Barua yenyewe haikuwa ngeni duniani. Mwanazuoni wa Kiholanzi Snouck Hurgronje alikuwa amekwisha kuichambua katika maandishi yake ya 1891, baada ya kuona jinsi ilivyozunguka kati ya Waislamu wa makoloni ya Uholanzi huko Asia. Na haijafa hadi leo. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia alipata kuandika kuikanusha, lakini Sheikh Ahmad yuleyule bado anaota ndoto ileile kwenye WhatsApp, na anayeupokea ujumbe anaahidiwa heri akiusambaza na kutishiwa balaa akiunyamazia.

Barua hiyo ni kipimo kizuri kwa swali wanalojiuliza watu wengi siku hizi: je, mtu anayejitoa kwenye mitandao mikubwa, akapunguza kuperuzi na kubaki na kundi dogo la watu anaojuana nao, anaikimbia dunia? Jibu la haraka ni kwamba anarudi nyuma, kwamba udogo na utaratibu wa polepole ni mambo ya zamani ambayo watu waliyaacha mara tu walipopata njia ya kuyaacha. Historia ya Kilwa na pwani ya Lindi hailiungi mkono jibu hilo. Kwa karne nyingi habari za hapa zilikwenda polepole na kupitia watu wachache, na mpango huo ulikuwa na faida moja ambayo kasi imeiondoa bila kuleta badala yake: kila habari ilikuwa na mwenyewe, mtu mwenye uso na jina, aliyeweza kuulizwa.

Tuanze na pepo za bahari, maana Kilwa ililelewa na pepo hizo. Jahazi lililoteremka kwa kaskazi kutoka Uarabuni au Gujarati liliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka mmoja. Lililotaka kuendelea hadi Sofala lilijitia katika hatari ya kukosa upepo wa kurudi na kukwama mwaka mzima. Ndiyo maana dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa watu wa Kilwa, na ndiyo maana Ibn Battuta alipofika hapo mwaka 1331, katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliukuta mji wa fahari. Mambo haya yanasimuliwa sana katika habari za biashara. Athari yake kwa maneno haisimuliwi sana. Nahodha au mfanyabiashara aliyeleta habari kutoka Aden au Hormuz hakuisema akaondoka. Alishuka, akapata mwenyeji, akakaa wiki nyingi akisubiri upepo ugeuke. Aliyoyasema siku ya kwanza yalirudiwa mbele yake siku ya kumi, barazani na msikitini, na watu walioshuka katika chombo kingine. Kama alitia chumvi, alikuwa bado yupo mjini ilipobainika. Na kwa kuwa mali ilitolewa kwa mkopo hadi msimu ujao, sifa ya ulimi wake ilikuwa sehemu ya mtaji wake. Hakuna sababu ya kudhani watu wa Kilwa walikuwa wakweli kuliko sisi. Mazingira yao tu yalimfanya mwongo alipe.

Tunaweza kuyaona mambo haya kwa karibu zaidi katika barua za Kilwa za 1711, ambazo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Mambo yalikuwa magumu wakati huo. Waomani walikuwa wamewanyang'anya Wareno Ngome ya Yesu ya Mombasa mnamo Desemba 1698, na Kilwa, iliyodhoofika tangu Mreno Almeida alipoiteka mwaka 1505, ilikuwa imebanwa kati ya wakubwa wawili. Mfalme wake alikuwa mwanamke, Fatima binti Sultani Muhammad. Yeye na jamaa zake wa karibu waliandika kwa rafiki yao Mwinyi Jumaa aliyekuwa Msumbiji, na barua zikapelekwa kwa chombo kupitia mikono ya watu. Ni mduara wa watu wachache, ukoo mmoja na rafiki mmoja, lakini ndani yake kuna siasa ya Bahari ya Hindi yote. Udogo wa mduara haukuwafungia dunia. Mtu aliyeketi Kilwa Kisiwani alijua yanayojiri Maskati na Msumbiji, na aliyajua kutoka kwa watu ambao angeweza kuwaandikia tena na kuwauliza, hili ulilosema umelipata wapi?

Karne ya 19 ikaleta haraka. Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa na mwisho wake Kilwa Kivinje, na mji huo wa bara ukaimeza Kisiwani. Bidhaa yake kubwa, pamoja na pembe za ndovu, ilikuwa watu. Lazima hili lisemwe wazi, kwa sababu anayesifu miduara midogo ya kuaminiana akasahau kwamba biashara ya utumwa nayo ilisimama juu ya miduara ya kuaminiana anaandika shairi la mapenzi, haandiki historia. Kuaminiana kwa wachache hakuwafanyi kuwa wema. Kunawafanya watambulike, basi. Wakati huohuo Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa simu chini ya bahari mwaka 1879, na habari iliyokuwa ikisubiri msimu mzima ikawa ya siku moja kwa waliokuwa na uwezo wa kulipia.

Mfano mzito zaidi unatoka nyuma ya pwani, katika milima ya Matumbi. Kuanzia mwaka 1904 sifa za mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilienea kwa njia ambayo wazee waliohojiwa miaka ya 1960 waliikumbuka kwa jina la njwiywila: mnong'ono wa siri, mtu kwa mtu, anayeambiwa akimwambia anayemwamini. Njia hiyo ilipita chini ya pua za maakida na maofisa, ikawaunganisha watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja, hadi Julai 1905 pale Nandete mipamba ilipong'olewa na vita kuanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Hakuna gazeti wala waya wa simu uliofanya kazi hiyo. Dola iliyokuwa na vyombo vya kasi ilishtukizwa na watu waliotembea kwa miguu.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapoingia, na halifai kupitwa kwa juujuu. Njwiywila ilibeba ahadi kwamba maji ya Kinjikitile yatazuia risasi. Maji hayakuzuia risasi, na kwa vita na njaa iliyofuata walikufa watu wengi mno. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Barua ya 1908 nayo ilipita kwa watu wanaojuana. Kama kundi dogo na mwendo wa polepole haviwezi kuzuia jambo lisilo kweli, vina faida gani? Nakubali sehemu ya kwanza: haviwezi. Aliyehamia grupu la watu 20 akidhani hatasikia tena uzushi atasikitika mapema. Lakini tazama barua ya Lindi ilivyotembea. Ilinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Kila nakala ilitaka karatasi, wino na muda wa mtu anayejua kuandika, na kila mwandiko katika mji mdogo ulikuwa na mtu wake. Ndiyo maana maofisa wa Kijerumani waliweza kuifuata kutoka mkono hadi mkono, hadi wakafika, kwa imani yao, Unguja kwa Rumaliza, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, adui yao wa zamani. Kama walimlenga mtu sahihi au la ni mjadala mwingine. Linalotuhusu ni kwamba swali la "nani kaileta?" lilikuwa swali lenye maana. Leo ujumbe huohuo ukiingia kwenye simu, aliyeutuma hajui aliyemtumia kaupata wapi, na wala haoni aibu kutojua.

Kufuatika huko kuna sumu yake pia, kwa kuwa dola ikiweza kumfuata mzushi itamfuata na msema kweli. Hilo ndilo lililoipa njwiywila thamani yake kwa watu wa Matumbi: mnyororo uliofahamika kwa waliomo na kufichika kwa mtawala. Mitandao mikubwa imegeuza mpango huo juu chini. Jirani hajui habari imetoka kwa nani, lakini kampuni inajua kila kidole kilipogusa.

Na kwamba uzito wa kusambaza una kazi yake, wenye mitandao wenyewe wamekiri kwa vitendo. Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo duniani kote kwamba ujumbe usambazwe kwa watu au makundi yasiyozidi matano kwa mara moja. Aprili 2020, katika vurugu za korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukabanwa hadi mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara, na kampuni ikatangaza kwamba usambazaji wa namna hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hawakufundisha mtu dini wala elimu ya habari. Walirudisha sehemu ndogo ya taabu aliyokuwa nayo mnakili wa Lindi. Kisha mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ikaruhusu grupu moja liwe na watu hadi 1,024, na huo ni umati uliopewa jina la kundi. Hakuna baraza la Kivinje lililowahi kutosha watu 1,024 wakafahamiana sauti.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa Lindi wenyewe, na ni halali kabisa. Wao wameujua upolepole kama adhabu. Kabla Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, msafiri wa kusini aliwekwa rehani na kivuko, na mvua zikizidi mikoa ya kusini ilikuwa kama kisiwa. Mwambie mtu aliyesubiri pale na mgonjwa kwamba mwendo wa taratibu una hekima, uone atakavyokujibu. Mei 2024 ulitukumbusha tena: kimbunga Hidaya kilipiga eneo la Mafia tarehe 4, mafuriko yakaikata barabara ya kusini upande wa Kilwa, na tarehe 12 hitilafu ya nyaya za baharini ikaivuruga vibaya intaneti ya Tanzania. Nani angependa onyo la kimbunga lije kwa kasi ya kaskazi? Sipendi mimi. Ila onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa ni mfano wa habari yenye mwenyewe: lina chombo kilichotajwa, saa, na eneo, na likikosewa kuna ofisi ya kuulizwa. Ni ujumbe wa dakika moja, na mwenye kuupata hahitaji kukesha akipandisha skrini. Barabara, hospitali na tahadhari zinahitaji haraka. Mjadala kuhusu mtu, fununu kuhusu ndoa ya mtu, hukumu juu ya sheikh au mwanasiasa, havikuwahi kuihitaji, na hivi ndivyo vinavyokula usiku wa watu.

Limebaki la tatu, la waliofungiwa nje. Baraza lilikuwa la wanaume, tena waungwana. Mtumwa alilisikia akipita na mizigo. Mitandao mikubwa, kwa ubaya wake wote, imempa sauti msichana wa Nachingwea ambaye hakuna kibaraza kingemkaribisha. Ni kweli, na sioni namna ya kuipunguza. Ila waliofungiwa nje katika pwani hii hawakusubiri umati uwakomboe. Baada ya Maji Maji, watu wa asili ya utumwa na watu wa bara la Lindi waliokuwa wakisilimu waliingia kwa wingi katika tarika, hasa Kadiria, ambamo dhikiri ilimpa nafasi yule ambaye mtu wa ukoo mkubwa alimtazama kwa jicho la chini. Vyama vya ngoma ya beni vikaenea mijini, na vyeo vyake na michango yake, vikawapa vijana wa kazi za mikono heshima ambayo wazee wa baraza waliwanyima. Wanawake walikuwa na mduara wao tangu zamani katika unyago, wenye siri na walimu wake. Na kila mduara ulidai kitu kwa aliyeingia: afike, achange, apike zamu yake ikifika, azike wafu wa wenzake. Mengi ya magrupu madogo yanayodumu leo Lindi na Kilwa, ya kuchangiana misiba na harusi, yanaishi kwa madai hayohayo, na aliyejitoa anapigiwa simu kuulizwa kulikoni.