Dakota na Askari wa Kisii

Sanamu ndogo ya ndege ya mizigo Dakota, iliyopunguzwa mara 72 hata mabawa yake ya mita 29 yakawa sentimita 40 tu, ni pambo kwa wakusanyaji; bali kwa Kisii na Nyamira, ambako vijana waliingia jeshi la King's African Rifles, ni athari ya taarikhi. Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya jeshi hilo, ilipopenya bonde la Kabaw, huko Burma, na matope ya mvua kuyazuia magari, riziki na risasi za askari zilidondoshwa kwa ndege kama Dakota. Basi yafaa mafundi hodari wa mawe wa Tabaka, huko Kisii, waichonge Dakota pamoja na askari walioipokea shehena yake, ili fadhila za wazee wetu zisisahauliwe.