Dar hadi Tanga na mtoto mchanga: Mapaja ya mama si kiti

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka unapokaribia ukingoni, na kila sikukuu ya Idd inapowadia, familia nyingi za Dar es Salaam hufungasha mizigo na kushika barabara ya kaskazini. Wapo wanaokwenda Bagamoyo na kurudi siku hiyo hiyo, wapo wanaoendelea hadi Tanga na Pangani kuwaona wazee, na wapo wanaokata kona Segera kuelekea Korogwe, Same na Moshi.

Ndani ya magari hayo mara nyingi yumo abiria mmoja ambaye hakuulizwa lolote kuhusu safari. Huyo ni mtoto mchanga, anayepelekwa kuonyeshwa kwa babu na bibi kwa mara ya kwanza. Aghalabu hupakatwa na mama yake katika kiti cha mbele, kwa imani kwamba hakuna mahali salama kwa mtoto kuliko kifua cha mzazi.

Imani hiyo ni sahihi nyumbani. Ndani ya gari linalokimbia barabara kuu si sahihi, na ndiyo inayowaweka watoto wengi hatarini pasipo wazazi kufahamu.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mzazi anapaswa kuyapanga kabla ya kuwasha gari, hususan kwa safari ya pwani ya kaskazini ambayo kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ina urefu wa zaidi ya kilomita 300.

Aanze kusafiri lini?

Wazee wa pwani waliliwekea jambo hili mpaka tangu zamani: mama na mtoto hawatoki safari kabla ya arobaini. Mila hiyo inakaribiana sana na kalenda ya kliniki, kwa kuwa mtoto anapofikisha wiki 6 hupaswa kurudi kupata chanjo, na mama pia huchunguzwa afya yake.

Kwa hiyo familia isiyo na dharura haina sababu ya kumtoa mtoto kabla ya muda huo. Aidha, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, au mwenye matatizo ya kupumua, asisafirishwe mwendo mrefu bila daktari wake kushauriwa.

Mapaja si kiti

Hesabu yake ni nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya umbali wa nusu mita, kila kilichomo ndani husukumwa mbele kwa nguvu inayofikia takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, kwa kitambo hicho kifupi, huwa sawa na mzigo wa kilo 160.

Hakuna mikono ya mama inayoweza kuzuia zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi linaloruka. Mtoto humponyoka, hata kama alikuwa amekumbatiwa kwa nguvu zote.

Hatari huwa kubwa zaidi iwapo mama na mtoto wamefungwa mkanda mmoja. Ajali inapotokea, uzito wa mama humkandamiza mtoto kwenye mkanda huo.

Kinga inayofahamika ni kiti maalumu cha mtoto, kinachofungwa kwa mkanda wa gari katika siti ya nyuma. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa likieleza kuwa viti hivyo vikitumiwa ipasavyo hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa takriban asilimia 70.

Mtoto mchanga anapaswa kuketishwa akitazama nyuma ya gari. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili, na shingo yake bado ni dhaifu. Akitazama nyuma, nguvu ya mgongano hupokelewa na mgongo mzima badala ya shingo pekee. Kiti cha namna hiyo kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, kwa kuwa mfuko huo unaweza kumuua mtoto.

Viti hivyo huuzwa vipya na vya mtumba. Anayenunua cha mtumba ahakikishe mikanda haijachanika, vifungo vinashika na plastiki haina nyufa. Kiti kilichokwishapata ajali hakifai tena, hata kama kwa macho kinaonekana kizima.

Njia na vituo vyake

Bagamoyo iko kilomita zipatazo 70 kutoka katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Msafiri hupita Mwenge, Tegeta na Bunju, kisha Mapinga na Kerege. Msongamano wa magari unaweza kuigeuza safari hiyo fupi kuwa ya saa mbili au zaidi.

Kutoka Bagamoyo, barabara ya lami inavuka Mto Ruvu na kupita Kiwangwa, eneo maarufu kwa kilimo cha mananasi, hadi Msata inakokutana na barabara kuu ya Chalinze na Segera. Kipande hicho cha Bagamoyo hadi Msata kina kilomita 64.

Mbele ya Msata ipo Wami. Daraja la zamani, lililojengwa mwaka 1959 na kupitisha gari moja kwa wakati mmoja, lilikuwa chanzo cha foleni na hofu kwa miaka mingi hadi daraja jipya lilipoanza kutumika mwaka 2022. Baada ya hapo huja Mkata, Kabuku na Segera, ambako njia ya Tanga na ya Moshi huachana.

Kanuni inayofaa kufuatwa ni kusimama angalau kila baada ya saa mbili, na mara nyingi zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu. Mtoto atolewe kwenye kiti, alazwe chali, anyonyeshwe na kubadilishwa nepi. Kukaa muda mrefu katika kiti kilichopinda kunaweza kumfanya kidevu chake kiegemee kifuani na kumzuia kupumua vizuri. Kwa sababu hiyo, mtu mzima mmoja anapaswa kuketi nyuma kando yake.

Kwa mpangilio huo, Bagamoyo, Msata na Segera ni vituo vinavyofaa. Familia yenye nafasi inaweza kulala Bagamoyo, ikatembelea magofu ya Kaole au Mji Mkongwe wakati wa jioni, kisha ikaendelea asubuhi yake. Njia ya pwani inayopitia Hifadhi ya Taifa ya Saadani inapendeza, lakini kwa kuwa kazi ya kuiwekea lami imekuwa ikifanyika kwa awamu, mzazi aulize hali yake kwanza, hasa wakati wa masika.

Dereva naye akumbushwe kuwa kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi hakikuwekwa kwa ajili ya kukwepa faini ya askari wenye tochi. Matuta ya barabarani yakivukwa kwa kasi, anayeumia kwanza ni mtoto.

Joto na chakula

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa na wanawake na watoto pia, wala si wapagazi wanaume peke yao. Misafara hiyo ilikuwa na desturi ya kuondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Desturi hiyo inafaa hata leo.

Anayeondoka saa 11 alfajiri hukwepa foleni, na huwa amemaliza sehemu kubwa ya njia kabla ya saa 6 mchana. Hilo ni muhimu zaidi kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, ambapo joto la pwani huwa kali na ndipo pia safari za mwisho wa mwaka hufanyika.

Mtoto asiachwe ndani ya gari lililozimwa, hata kwa dakika chache za kununua machungwa. Joto ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 katika dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Jambo jingine linalohitaji msimamo ni maji. Ndugu wengi, kwa nia njema, hutaka mtoto apewe maji au dafu kwa sababu ya joto. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji. Anachohitaji ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe maji ya kutosha. Gari lisimamishwe kila anaponyonya. Asitolewe kwenye kiti likiwa linatembea.

Maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa nne, na pungufu ya hapo siku za joto kali. Ndani ya kasha lenye barafu yanaweza kukaa hadi siku moja. Kwa mtoto aliyeanza kula, ndizi mbivu na parachichi ni salama zaidi kwa kuwa humenywa papo hapo. Uji uliokaa zaidi ya saa mbili katika joto umwagwe.

Mbu, homa na kadi ya kliniki

Ukanda wa pwani una malaria. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 katika nchi saba za Afrika. WHO ilipendekeza chanjo hiyo itumike mwezi Oktoba 2021.

Hata hivyo, chanjo hupunguza ugonjwa bila kuumaliza, hivyo chandarua chenye dawa kibebwe hata kama mwenyeji anasema kipo. Usiku mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu kiasi, pasipo mito wala nguo nzito usoni.

Kadi ya kliniki isisahaulike, kwa kuwa daktari asiyemfahamu mtoto ataisoma kwanza. Mtoto akipata homa, akishindwa kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege au akilegea kupita kawaida, safari isimamishwe na apelekwe hospitali mara moja. Utosi uliobonyea na nepi inayokaa kavu kwa saa nyingi ni dalili za kupungukiwa maji.

Katika njia hii ipo Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, Hospitali Teule ya Muheza, Bombo mjini Tanga na Magunga mjini Korogwe. Homa inayotokea wiki moja au mbili baada ya kurudi nyumbani nayo ipimwe, isichukuliwe kuwa ni uchovu.

Kwa wanaopanda basi

Si kila familia ina gari. Anayepanda basi achague lenye mikanda, aketi sehemu ya katikati mbali na kioo cha mbele na mlango, ajifunge mkanda yeye mwenyewe kwanza, kisha ampakate mtoto nje ya mkanda huo. Mbeleko humsaidia kumshika, ingawa haichukui nafasi ya kiti.

Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Pamoja na ruhusa hiyo, mwenye mtoto mchanga afikirie basi la asubuhi, kwani akipatwa na tatizo njiani atapata msaada kwa urahisi zaidi mchana.

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Bibi anayesubiri Tanga hataona tofauti ya saa mbili zilizotumika kupumzika Msata na Segera. Atakachotazama ni mjukuu anayeshuka garini akiwa mzima.