Mfumo wa betri mbili katika gari la safari

Mfumo wa betri mbili ni mpangilio wa umeme wa gari ambamo betri moja huachiwa kazi ya kuwasha injini peke yake, na ya pili hubeba matumizi mengine yote: friji, taa za kambini, redio, chaji za simu na kamera. Afrika Mashariki mpangilio huu umezoeleka zaidi katika magari ya watalii, hasa Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo karakana za Arusha na Nairobi huzirefusha chesisi na kuziwekea paa la kufunguka. Watafiti na askari wa wanyamapori huutumia pia, pamoja na familia zinazopenda kulala porini.

Haja yake inaonekana wazi ndani ya kreta ya Ngorongoro. Dereva akikuta simba huzima injini, wageni wapige picha bila mtikisiko. Friji inaendelea kuvuma, simu tatu zinachajiwa, redio iko wazi. Nusu saa ya namna hiyo hurudiwa mara nyingi kwa siku moja, na kama mizigo yote imeegemea betri moja, itafika zamu ambapo ufunguo utazungushwa na stata ijibu kwa mlio mmoja tu. Kreta si mahali pa kushuka na kusukuma gari: wageni hawaruhusiwi kutoka garini ila kwenye sehemu zilizotengwa.

Aina za betri

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina seli sita za volti 2.1 hivi kila moja. Ikijaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7, ikibaki nusu husoma karibu 12.2. Ya kuwashia gari ina mabamba mengi membamba, kwa sababu inatakiwa kutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache kisha ijazwe papo hapo. Ikilazimishwa kuendesha friji usiku kucha, mabamba hayo hufa mapema. Kazi hiyo ni ya betri yenye mabamba manene, ambayo madukani huitwa betri ya sola. Hata hiyo haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo betri iliyoandikwa ampia-saa 100 ihesabiwe kuwa ni 50.

Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake. Ya ampia-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, ilhali ya risasi ya ujazo huohuo hukaribia kilo 30. Bei yake ni kubwa, lakini kwa gari linalofanya kazi kila siku pesa hiyo haipotei. Isifungwe chini ya boneti. Joto la injini huidhuru, na hata betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi 25. Mahali pazuri ni ndani ya gari, chini ya kiti au nyuma yake. Betri ya risasi itakayowekwa humo iwe ya kufungwa, kwani ile ya kuongezwa maji hutoa haidrojeni wakati wa kuchajiwa, na gesi hiyo hulipuka.

Kuna kosa moja linalorudiwa na wanunuzi wengi. Baadhi ya Land Cruiser za zamani kutoka Japani zina umeme wa volti 24 unaotokana na betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo. Nyingine za dizeli hutoka kiwandani na betri mbili za volti 12 zilizoungwa sambamba, zote kwa ajili ya stata. Mwenye gari akifungua boneti na kuona betri mbili, asidhani kwamba moja ni ya ziada.

Hesabu kabla ya ununuzi

Mpango mzuri huanzia kwenye karatasi. Friji ya kompresa ya lita 40 huvuta ampia 4 hivi inapofanya kazi, na kwenye joto huenda ikafanya kazi nusu ya muda wote. Hiyo ni ampia-saa 48 kwa siku. Simu na kamera zikadiriwe 10, taa za LED za jioni 6, redio 4. Jumla ni 68. Ukitaka kukaa siku nzima bila kuwasha injini, utahitaji betri ya risasi ya ampia-saa 140 hivi. Ya lithiamu, 100 inatosha. Inveta ya kuchaji kompyuta ya mgeni haina shida. Birika la wati 1,000, kinyume chake, litavuta zaidi ya ampia 90 kutoka betri ya volti 12, na chai ya namna hiyo ni bora ichemshwe kwa gesi.

Chaji hutoka kwenye alternata. Kwa injini ya zamani kama 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, relei inayohisi volti hutosha pale ambapo betri ya pili ni ya risasi: huunganisha betri zote mbili volti zikipanda hadi 13.3 hivi, na kuzitenganisha zikishuka chini ya 12.8. Magari mapya ambayo kompyuta hupunguza volti za alternata yanahitaji chaja ya betri kwa betri. Lithiamu nayo inaihitaji, kwa kuwa hunywa umeme kwa pupa kiasi cha kuichoma alternata injini ikiwa sailensi. Chaja ya ampia 40 hurudisha matumizi ya siku katika mwendo wa saa mbili. Paneli ya sola ya wati 100 huongeza ampia-saa 30 hivi kwa siku ya jua kali, lakini dereva huegesha chini ya mgunga ili wageni wapate kivuli, na kivuli kidogo tu hupunguza sana kazi ya paneli.

Nyaya

Hapa ndipo mifumo mingi huharibikia. Kutoka boneti hadi nyuma ya gari ni kama mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ampia 40 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 6, hupotea karibu volti 1.2 njiani: 14.2 zilizotoka kwenye alternata hufika 13, na betri ya risasi haitajaa kamwe. Mwenye gari atalaumu betri, atanunua nyingine, nayo itakufa vilevile. Waya wa milimita za mraba 25 hupoteza takribani volti 0.3 tu.

Waya unaounganisha betri mbili uwekewe fyuzi pande zote mbili, karibu na kichwa cha chanya cha kila betri, maana umeme unaweza kuja kutoka upande wowote. Fyuzi hulinda waya usiwake moto; ukubwa wake hupimwa kwa waya, wala si kwa friji. Waya unaopenya bati upitishwe ndani ya mpira, kwani barabara zilizojikunja kama bati hukata ganda lake kidogokidogo hadi shoti itokee. Vichwa vya nyaya vibanwe kwa koleo la kubania. Vilivyolehemiwa hukakamaa na kukatika kwa mtikisiko. Ethi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Betri zilizokufa

Betri ya risasi iliyochoka bado ina thamani, na bado ni sumu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi na watoto wao risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyewaongoza kudai haki, alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Asidi isimwagwe nyuma ya karakana ili kuuza risasi peke yake. Irudishe betri dukani ikiwa nzima, asidi yake ikiwa ndani.