Turbo Haichezewi: Kuongeza Nguvu ya Subaru Nyumbani bila Kuua Injini

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinigongea mlango usiku, baada ya sala ya Isha. Forester yake ya turbo, aliyoinunua kwa mkopo wa chama na akiba ya mamake, ilikuwa imezimika barabarani huku ikitoa moshi wa buluu. Wiki mbili kabla, alikuwa ameifunga kivalvu kidogo cha kuongezea presha alichokiona kwenye video. Akawa anakaza skrubu kidogo kidogo, na kila akikaza gari lilizidi kuruka. Fundi alipofungua injini alikuta pistoni moja imevunjika pale ringi zinapokaa. Gari liko juu ya mawe hadi leo, na mkopo bado unalipwa.

Sitaki kuwakataza vijana kupenda magari, kwani hata mimi nayapenda. Lakini wengi wanaanzia mwisho: wanaongeza nguvu kwanza, kisha ndio wanauliza kama injini ilikuwa mzima. Haya ndiyo mambo ambayo ningependa kila mwenye Subaru ya turbo hapa Pwani ayajue kabla hajashika spana.

Turbo hufanya nini

Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na linaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Gurudumu hilo limeungwa na jingine upande wa pili, ambalo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikizidi, kompyuta ya gari huongeza petroli, na nguvu hupatikana hapo.

Ili presha isipite kiasi, kuna kilango kiitwacho westigeti kinachopitisha moshi pembeni ya turbo. Kivalvu alichofunga yule kijana hukidanganya kilango hicho, kwa hivyo kinachelewa kufunguka. Hewa inaongezeka, lakini si lazima petroli nayo iongezeke kwa kadiri inayotakiwa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Hewa iliyosongwa huwa ya moto. Mchanganyiko ukiwa na petroli kidogo na joto jingi, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Mafundi huita noki. Husikika kama changarawe inayotikiswa ndani ya kopo, na mara nyingi husikii chochote kwa sababu ya kelele za barabara. Kila pigo ni kama nyundo juu ya pistoni.

Pwani si Nairobi

Vijana wengi huchukua vipimo kutoka kwa rafiki aliyeko Nairobi, na hapo hukosea bila kujua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina presha kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa. Geji ya turbo huonyesha kile kilichoongezwa juu ya presha ya mahali ulipo. Kwa hivyo geji ikisoma bar 1 Nairobi, injini inapata jumla ya bar 1.8 na kitu. Sindano ikisimama pale pale ukiwa Mombasa, injini inapata bar 2. Mzigo umeongezeka bila wewe kugusa skrubu. Gari lililotyuniwa bara likiteremka Mazeras, lipimwe upya kabla ya kukanyagwa.

Kisha kuna joto letu. Kwenye Forester na Impreza nyingi za turbo, intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa, iko juu ya injini chini ya tundu la boneti. Gari likiwa mbioni hupigwa na upepo. Ukikaa kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, inanyonya joto lote la injini. Ukitoka hapo ukakanyaga hadi mwisho, unasukuma hewa ya moto ndani ya pistoni. Endesha taratibu kwanza mpaka ipoe.

Jambo la tatu ni petroli. Subaru hizi za turbo zilizotoka Japani ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Oktani ndogo maana yake ni noki kuja mapema. Balaa zaidi ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, mchezo uliofanya serikali iweke ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Nunua petroli ya oktani ya juu kutoka kituo unachokiamini, na mtyuni gari kwa petroli hiyo hiyo utakayotumia kila siku.

Afya kwanza

Kazi ya nyumbani yenye faida kubwa ni kulirudisha gari katika hali yake ya kiwandani. Magari mengi yamekuja yakiwa yametumika miaka mingi, na nguvu zilizopotea mara nyingi zimejificha hapa:

- Oili. Turbo huishi kwa oili safi. Pima kwa kijiti kila wiki, kwani injini hizi huweza kula oili bila kuonyesha taa yoyote.
- Mipira ya hewa na vakyumu. Mpira uliopasuka huvujisha presha, na turbo inajitahidi bure.
- Plagi na koili. Weka za namba iliyotajwa na mtengenezaji.
- Maji ya rejeta. Tumia kulenti. Maji ya kisima yenye chumvi huila rejeta kwa ndani.
- Mkanda wa taiming. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana.

Watu kadhaa wakimaliza orodha hii hugundua kwamba nguvu waliyokuwa wakiitafuta imerudi.

Vitu vinavyoonekana vidogo

Kichujio cha hewa cha wazi kinabadilisha jinsi sensa inavyohesabu hewa, na injini inaweza kupewa petroli pungufu. Ekzosi kubwa inarahisisha njia ya moshi, turbo inazunguka zaidi, na presha inaweza kupanda yenyewe. Valvu ya kutoa sauti ya "pshhh" hutupa nje hewa ambayo kompyuta ilikwisha kuihesabu, kwa hivyo petroli huzidi kila unapobadilisha gia. Ukiweka chochote katika hivi, kompyuta ipangwe upya. Usiseme ni urembo tu.

Pima, kisha amua

Nunua vifaa vya kupimia kabla ya vifaa vya nguvu: skana ya kuchomeka chini ya dashibodi, geji ya presha, na sensa pana ya oksijeni inayosoma mchanganyiko. Katika mwendo wa kawaida, uzito wa hewa huwa 14.7 kwa 1 ya petroli. Turbo ikisukuma sana, mchanganyiko unatakiwa ushuke karibu na 11 kwa 1, kwa sababu petroli ya ziada hupoza. Ukiona namba zinapanda kuelekea 13 au 14 huku presha iko juu, toa mguu mara moja.

Andika namba za gari lako likiwa halijaguswa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha pima tena. Kupanga kompyuta mwachie mtu mwenye mashine ya kupimia nguvu na ujuzi wa kusoma noki. Nyali Bridge na bypass si mahali pa majaribio. Mtoto wa watu anavuka pale.

Uani kwako

Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua kimya kimya. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, weka stendi. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Toa waya hasi wa betri kabla ya kugusa njia za petroli, na kizimamoto kiwe karibu. Watoto wakae mbali.

Mwisho, soma mkataba wako wa bima na uiarifu kampuni kuhusu mabadiliko. Kuficha kunaweza kukunyima fidia siku unayoihitaji.

Yule kijana sasa anatafuta injini nyingine. Nimemwambia akiipata, insha'Allah, asikaze skrubu yoyote kabla hajanunua geji. Bei ya geji ni ndogo mno ukilinganisha na injini, na mamake hana akiba nyingine.