Dumu, Kamba na Mtu wa Nchi Kavu

Ukisimama Kakola, mji ulioota mlangoni mwa mgodi wa Bulyanhulu, utaona vumbi, malori na bodaboda. Ziwa hulioni. Lakini maji ya mgodi huvutwa kwa bomba kutoka Ziwa Victoria, zaidi ya kilometa 40, na mimi nimewajua vijana ambao dhahabu ilipowakatalia walifuata njia hiyo hiyo ya maji, wakaenda kuvua. Wengine peke yao, mtumbwi mmoja, tanga moja. Sasa ndugu msomaji, mtu kama huyo anabeba nini cha kumwokoa?

Tuanzie 1996. Tarehe 21 Mei MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana mpaka leo waliokufa hutajwa kwa tarakimu zinazopishana, kutoka 500 na ushee hadi 1,000. Julai na Agosti mwaka huo huo wachimbaji wadogo wakaondolewa Bulyanhulu. Madai kwamba kuna waliofukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni, na ubishi haujaisha. Majini na ardhini, swali likawa lile lile: walikuwa wangapi, na nani aliwaandika?

Mgodi mkubwa ulifunguliwa 2001. Kwenye migodi mingi ya aina hiyo, anayeshuka chini huacha alama yake juu ubaoni, akipanda anaichukua. Zamu ikiisha na alama bado inaning'inia, watu wanaanza kutafuta. Mvuvi wa peke yake nani anamtunzia alama?

Watu husema, ah, ana dumu. Kweli, na tusilidharau. Dumu tupu la lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa, linabeba karibu kilo 20 majini. Jaketi zuri la kuokolea linabeba kama 15. Kwa nguvu tupu dumu linashinda! Tatizo ni kwamba dumu linataka mikono. Ukichoka, ukipata baridi, ukigongwa kichwa na mti wa tanga, unaliachia. Jaketi lenye kola linakugeuza uso juu hata ukiwa umezimia. Lakini liwe mwilini. Lililokunjwa chini ya samaki ni pambo tu.

Na upepo wa ziwa una ratiba yake. Usiku unavuma kutoka nchi kavu, unamsukuma mvuvi nje. Mchana unarudi kutoka ziwani, unamleta nyumbani. Wazee wamesafiri kwa ratiba hiyo bila injini. Ubaya ni kwamba radi na dhoruba za ziwa hili nazo hupenda usiku, wakati huo huo aliosukumwa mbali.

Halafu kuna kamba, ambayo kwangu mimi inatangulia hata jaketi. Ukiwa na wenzio ukiteleza, watageuza chombo. Ukiwa peke yako, tanga limejaa upepo, mtumbwi unakwenda zake na wewe unauangalia kisogo. Kwa hiyo unajifunga kiunoni, kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, maana mtumbwi ukipinduka kamba hiyo hiyo inaweza kukuzamisha. Ongeza filimbi shingoni na tochi iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Basi. Hivyo vyote havifiki bei ya nyavu.

Kisha mtu wa nchi kavu: mke, mshikaji, mama ntilie wa mwaloni, yeyote anayejua umetoka saa ngapi, umeelekea wapi, na ukichelewa mpaka saa ngapi apige kelele. Joshua Slocum, aliyezunguka dunia peke yake kwa tanga kati ya 1895 na 1898, wa kwanza katika historia, hakujua hata kuogelea. Zaidi ya miaka kumi baadaye akatweka tena kutoka Marekani, peke yake, hakuonekana tena. Hakuna aliyejua azamie wapi wala siku gani. Alitangazwa kisheria kuwa amekufa mwaka 1924.